Kulungu wa Baba Mkwe Alivyotufundisha Kuambiana Ukweli

Niliolewa na masharti mawili. La kwanza, kila baada ya miaka miwili twende nyumbani Tanga. La pili, hakuna kichwa cha mnyama kitakachoning'inia ukutani kwangu. Lile la kwanza mume wangu alilikubali hapo hapo. La pili alicheka, akakuna kichwa, halafu akasema, "Haya, mke wangu."

Usinielewe vibaya, msomaji. Mume wangu ni Mmarekani wa jimbo la Wisconsin, na kule kuwinda si starehe ya matajiri. Ni kama kwetu mtu anapokwenda shamba wakati wa mavuno. Kila Novemba, Jumamosi ya kabla ya sikukuu yao ya Shukrani, msimu wa bunduki unafunguliwa kwa siku tisa, na zaidi ya nusu milioni ya watu wanaingia msituni. Wanavaa rangi ya chungwa inayowaka ili wasipigane risasi wenyewe kwa wenyewe. Tangu 2016 sheria inaruhusu hata pinki. Utamkuta mwalimu, fundi bomba, mpaka daktari wangu wa meno. Nyama inaingia kwenye friza na familia inaila mpaka kiangazi.

Mimi nimekua nikijua neno moja tu la kichwa cha mnyama ukutani: nyara. Na nyara kwetu ni za Serikali. Ukikutwa nazo bila kibali, una kesi. Kwa hiyo siku ya kwanza nilipoingia sebuleni kwa wakwe zangu, vichwa kumi na kimoja vikanikodolea macho, wazo lililonijia, jamani, ni kwamba tunakamatwa wote.

Wanyama wenyewe ni wale wenye mkia mweupe kwa chini. Nitawaita kulungu kwa kuwa ndivyo tulivyozoea, ila si kulungu wa Usambara. Kulungu wetu anazaliwa, anaota pembe, anakufa nazo. Huyu wa Wisconsin pembe zake zina matawi, na kila mwaka baada ya majira ya kupandana zinadondoka, anaota nyingine.

Mshono uko wapi?

Mimi na baba mkwe tulikaa miaka miwili bila cha kuzungumza. Nikimwamkia, ananiuliza habari za baridi, namjibu ni kali, basi. Si kwamba alinichukia. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mimi nilikuwa naona haya.

Jioni moja ya Januari, theluji nje, mume wangu amelala kwenye kochi, nikasimama mbele ya kichwa kimojawapo kwa kukosa kazi. Mama yangu ni fundi cherehani. Nimekulia chini ya meza yake nikiokota pini. Mtu akinionyesha nguo, simtazami aliyeivaa, natazama mshono. Basi nikajikuta nazunguka nyuma ya shingo ya yule kulungu, napapasa manyoya.

"Baba," nikasema, "huyu ameshonwa wapi?"

Mzee akaweka kikombe chini. "Binti," akasema, "miaka arobaini watu wanaingia humu ndani wananiuliza ana pembe ngapi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza mshono."

Kuanzia siku hiyo tukawa marafiki. Nadhani nilijifunza zaidi kuhusu mume wangu kupitia vile vichwa kuliko kupitia maneno yake mwenyewe.

Acha pembe, tazama jicho

Jambo la kwanza alilonifundisha: pembe hazikwambii lolote kuhusu fundi. Pembe ni mfupa, zilikuja na mnyama. Anayesifia kazi kwa ukubwa wa pembe ni kama anayesifia mshonaji kwa sababu bibi harusi ni mzuri.

La pili: humo ndani hakuna mnyama. Nilikuwa nadhani wanamjaza majani makavu, kama mto. Zamani ilikuwa karibu na hivyo. Siku hizi ndani kuna umbo la sponji ngumu lililochongwa kwa sura ya kulungu, lenye misuli na mishipa yake. Ngozi inasafishwa nyama yote, inatiwa chumvi, inalainishwa kwa dawa, kisha inavalishwa kwenye umbo na kugandishwa kwa gundi. Macho ni ya kioo. Ndani ya masikio, ule mfupa laini hutolewa na kuwekewa kitu kigumu kama bitana ya kola. Kwa hiyo ni suti, mwenzangu! Fundi anatakiwa kuchukua vipimo: toka kona ya jicho mpaka ncha ya pua, halafu mzunguko wa shingo. Akikosea, suti inapwaya au inabana.

Basi akanisimamisha mbele ya kichwa kimoja hadi kingine. "Anza na jicho," akasema. Mboni ya kulungu si duara kama yetu. Imelala kama kitundu cha kutumbukizia sarafu. Akiinua kichwa, akikiinamisha, mboni inajitahidi kubaki sambamba na ardhi. Fundi asiyejua hilo anabandika jicho kama anavyobandika kifungo, na mnyama anaonekana kama amepigwa rungu. Halafu tazama kope. Zinatakiwa kulikumbatia jicho bila uwazi, na kope ya juu iwe na pembe kidogo. Ikiwa duara kabisa, mnyama anaonekana ameshtuka milele. Mbele ya jicho kuna kijishimo, kama mfereji wa machozi. Kinatakiwa kuwa na kina, na ngozi yake ishike mpaka ndani. Ngozi ikinyanyuka pale, gundi imeshindwa.

"Sasa pua." Pua ya kulungu hai ina unyevu na vichembechembe kama ganda la fenesi dogo. Ngozi ikikauka rangi inapotea, ndiyo maana fundi huipaka upya. Mbaya anaipaka ikang'aa kama bampa la gari. Na tundu la pua lisiwe limezibwa mlangoni. Mulika ndani, uone linaingia. Kuna mpaka mashindano ya dunia ya ufundi huu, na waamuzi wake wanapita na vitochi vidogo wakichungulia ndani ya pua na masikio.

Masikio yawe membamba ukingoni, na pale yanapoungana na kichwa uone kuna msuli. Kama sikio moja linasikiliza mbele, uso nao uwe na sababu ya kusikiliza mbele. Shingo ya aliyepigwa katikati ya Novemba iwe nene, kwa sababu madume huvimba shingo majira ya kupandana. Ukimkuta na shingo ya msichana, umbo lilichaguliwa vibaya. Bonyeza ngozi polepole shingoni. Ikibonyea na kutoa sauti tupu kama ngoma, imejitenga na umbo. Mwisho ndiyo mshono. Uko nyuma ya shingo, na mzuri huuoni; unauhisi kwa kidole tu, kwa sababu manyoya ya kila upande yamelala kwa mwelekeo wake.

"Na manyoya yenyewe?" nikauliza.

"Hilo si la fundi peke yake," akasema. "Hilo ni la mwindaji pia." Mnyama akikaa na joto bila kuchunwa, bakteria wanaanza kazi, na mizizi ya manyoya inalegea. Mara nyingi huonekana kwanza pale penye manyoya mafupi, kwenye masikio na kuzunguka macho. Yakishanyonyoka, hakuna fundi wa kuyarudisha. Atapaka rangi tu.

Simba wa Tsavo walionishusha pumzi

Kiangazi kile mzee akatuambia twende Chicago. "Nenda kaone simba wako," akanitania. Simba wenyewe si wangu, ni wa Kenya, lakini nani ataanza kumweleza mzee mipaka?

Ni wale simba wawili wa Tsavo, waliokula wajenzi wa reli wakati wa kujenga daraja la mto Tsavo. John Henry Patterson aliwaua Desemba 1898. Baada ya hapo ngozi zao zilikaa nyumbani kwake miaka karibu ishirini na mitano zikiwa mazulia, mpaka mwaka 1924 alipoziuza kwa makumbusho ya Field Museum kwa dola 5,000. Nilipofika mbele ya kile kioo, kusema ule ukweli, nilishuka moyo. Hawa ndio waliotisha nchi nzima? Wadogo! Mume wangu akanieleza alivyoelezwa na baba yake: ngozi zilipotengenezwa kuwa mazulia zilipunguzwa. Fundi wa Chicago alipewa alichopewa. Kilichokatwa hakirudi.

Kwenye ukumbi mkuu wa jengo lile lile wapo tembo wawili wakubwa, nao kutoka Kenya, kazi ya Carl Akeley. Mabwana, hao ni moto! Akeley ndiye aliyebadilisha ufundi huu. Miaka ya nyuma alifanya kazi Milwaukee, huko huko Wisconsin, na pale makumbusho yao kuna panya wake wa majini wa mwaka 1890. Badala ya kujaza ngozi, yeye alichunguza misuli, akafinyanga mnyama mzima kwa udongo, akatoa umbo jepesi kutoka kwenye ule udongo, ndipo akalivisha ngozi. Alifariki mwaka 1926 Kongo, kwenye miteremko ya mlima Mikeno, akiwa kwenye safari ya kazi. Nilisimama chini ya wale tembo nikaona mikunjo ya ngozi gotini, mahali ambapo mnyama akikunja mguu lazima ngozi ijikunje. Nikamkumbuka mama na makwapa ya makoti.

Tuliporudi, mzee aliniuliza, "Umeona nini?" Nikamwambia: tembo yule fundi alikuwa anamjua alivyokuwa hai; wale simba, fundi alikuwa na ngozi tu. Akatikisa kichwa, akanimiminia kahawa yeye mwenyewe. Mume wangu alisema hajawahi kumwona baba yake akimmiminia mtu kahawa.

Kulungu wa mwisho

Novemba iliyofuata mzee alikuwa mgonjwa tayari. Mume wangu alikwenda naye msituni, akambebea kiti. Alipiga dume moja la heshima, si kubwa kupita yote. Siku ile kulikuwa na joto lisilo la kawaida, na kumtoa yule mnyama kwenye bonde, mmoja akiwa hana nguvu, kulichukua muda mrefu. Fundi wa mzee wa siku zote alikuwa amestaafu. Mume wangu akatafuta mwingine, kijana mmoja aliyeahidi bei nafuu na kazi ya haraka. Dola 450, wakati wengine walitaka zaidi ya 700.

Mzee alifariki Machi.

Agosti tukapigiwa simu kwamba kazi iko tayari. Njiani mume wangu alishika usukani kwa mikono miwili, akaniambia, "Najua tulikubaliana. Lakini huyu mmoja." Jamani, ningesema nini? Nikamwambia sharti limekufa.

Fundi akafunua shuka. Mume wangu akaanza kulia. Na mimi, Mungu anisamehe, macho yangu yalikuwa yanafanya kazi waliyofundishwa. Jicho la kushoto limeinamia chini, la kulia linatazama dari. Kope wazi. Pua bampa la gari. Sikio la kulia lina upara ukubwa wa sarafu, umepakwa rangi ya kahawia. Nikapitisha mkono nyuma ya shingo kama namfariji, uzi unakwaruza. Kimeo kitupu.

Nikasema, "Amependeza."

Miezi mitano ya kuzuga

Tukamtundika sebuleni. Nikajiambia ndiyo mapenzi hayo: mwenzio amefiwa, fundi alimchagua yeye, utamwambia nini sasa? Wageni wakija, wanauliza pembe ngapi, tunawajibu nane, tunacheka.

Ila nikaanza kuona kitu. Mume wangu alihama sebule. Kahawa anaenda kunywea jikoni. Mpira anauangalia chumbani kwenye kompyuta. Nikadhani ni msiba, nikamwachia nafasi. Huko kumwachia nafasi kukatuzoea mpaka tukawa tunaishi kama wapangaji wawili.

Usiku mmoja wa Januari, nazima taa, akasema kutoka mlangoni, "Unaliona lile jicho?"

Moyo ukapiga. "La kushoto," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu dukani."

Nilidhani atashusha pumzi. Wapi! Akakasirika ambavyo sijamwona kabla wala baada. "Baba alikufundisha wewe," akasema. "Mimi nimekaa miezi mitano nikijiuliza kama naona vibaya kwa sababu ya uchungu, na mtu pekee ambaye angeniambia, yuko ubavuni kwangu, ananiambia amependeza. Umeninyamazia kama mgeni."

Nami nikampa yangu. Kwamba na yeye alinyamaza. Kwamba ningesema, angeona nafurahi kwa vile sikutaka vichwa tangu mwanzo. Akasema ndicho hasa alichokuwa anaogopa: akikiri kazi ni mbovu, nitasema basi kishushwe. Tukalala tumepeana migongo. Siku mbili hatukuzungumza.

Siku ya tatu nilimkuta amesimama sebuleni na tochi. Akanipa. "Nionyeshe yote," akasema. "Usipunguze."

Nikamwonyesha. Jicho, kope, kijishimo, pua, sikio, mshono. Kila nilipotaja kosa alisema, "Sawa." Nilipofika kwenye sikio akasema, "Hilo si la fundi. Hilo ni la siku ile. Tulichelewa bondeni." Nikamwambia ndiyo, ni la siku ile.

Tulichoamua

Tulimpata fundi mwingine, mama mmoja wa makamo, mwendo wa saa moja na nusu. Alimulika, akataja makosa yale yale karibu kwa mpangilio wa mzee. Kisha akatueleza njia mbili. Ya kwanza, kununua ngozi ya kulungu mwingine, safi, na kuvisha upya kwa pembe zile zile. Jambo hili ni la kawaida kwao, halina siri. "Atakuwa bomba," alisema kwa lugha yake. "Ila uso utakuwa wa mwingine." Ya pili, kurekebisha kinachorekebishika, na kilichonyonyoka kibaki.

Mume wangu akanigeukia. "Wewe unasemaje?"

Zamani ningesema, "Vyovyote utakavyo, mpenzi." Safari hii nikamwambia nisingebadilisha ngozi. Nikamwambia kama ni ubora peke yake, njia ya kwanza inashinda, hakuna ubishi. Lakini mle ndani mnyama hayumo. Kilichobaki cha yule ambaye Baba alimwona siku ile ni pembe na ngozi tu. Tukiitoa ngozi, tutabaki na pembe, na pembe mzee mwenyewe hakuzithamini hivyo.

Yule mama aliziloweka kope mpaka zikalainika, akatoa udongo wa zamani, akayaweka macho upya. Akarudia pua. Akafumua mshono, akaushona kwa mkono. Upara wa sikio aliuondoa ile rangi ya kahawia, akauacha ulivyo. Sisi ndio tuliomwomba.

Sasa mwenzangu unayesoma, sikushauri ukimbilie kumwambia mwenzio kila kosa unaloliona. Wengine wanatumia ukweli kama fimbo. Mimi nilikuwa na kosa jingine: niliona nanyamaza kwa mapenzi, kumbe nilikuwa nakwepa usiku mmoja mgumu, na bei yake ikawa miezi mitano. Kama mwenzio amehama chumba ndani ya nyumba yenu wenyewe, usimwachie nafasi tu. Muulize anachokiona.

Mume wangu amerudi sebuleni na kahawa yake. Mgeni akiuliza pembe ngapi, anamjibu, "Nane, lakini muulize mke wangu mshono uko wapi." Sharti langu la pili nimelirudisha, nimelirekebisha kidogo tu: kichwa kimoja, basi. Juzi ameniuliza kama samaki anahesabika.